Mwala, Nchi Isiyojua Mfalme

Mgeni azuruye Mwala, katika Machakos, ataonyeshwa soko la Masii na wachonga vinyago wa Wamunyu. Hataonyeshwa jumba la mfalme, kwa kuwa Wakamba hawakuwa na mfalme. Waganda walikuwa na Kabaka, ambaye ufalme wake ulifutwa mwaka 1967 ukarudishwa 1993. Unguja ilikuwa na Sultani hata mapinduzi ya Januari 1964. Bali Ukambani shauri la mpaka, la deni au la damu lilikatwa na wazee wa nzama, na uzee huo mtu hakuurithi kwa baba yake.

Waingereza wakaweka machifu, wenye amri itokayo Serikalini. Kwa hiyo mwaka 1938, ng'ombe walipotwaliwa wapunguzwe, Wakamba walikwenda Nairobi kwa maelfu pamoja na Muindi Mbingu ili wamwone Gavana. Tangu 2013 watu wa Machakos humchagua gavana wao kwa kura, ingawa chifu angali akiteuliwa.

Ufalme una sifa yake, maana huwaunganisha watu chini ya jina moja. Lakini pasipo na mfalme, shauri likiharibika hapana wa kulaumiwa ila wenye nchi wenyewe.