Safu Iliyoitwa Bei

Shangazi yangu aliuza ekari mbili za shamba lake la mikorosho, njia ya kwenda Maneromango huko Kisarawe, kwa bei niliyomtajia mimi. Bei hiyo haikuwa sahihi. Sikumdanganya kwa makusudi, wala sikuwa na dalali nyuma yangu. Nilifungua kompyuta, nikasoma kilichoandikwa, nikamwambia. Aliyeandika ni mimi, aliyesoma ni mimi, na bado sikujielewa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka minne nimekuwa nikizunguka Kibaha na Kisarawe nikiwauliza watu waliouza mashamba: uliuza lini, ekari ngapi, kwa shilingi ngapi, na hela ilifanya kazi gani. Nilitaka siku moja itoke makala ndefu, Mungu akijalia hata kitabu. Majibu nilikuwa naweka kwenye kanzidata ndogo aliyonitengenezea mpwa wangu, kijana anayeandika programu, mkazi wa Maili Moja, Kibaha. Jedwali moja, safu chache: kijiji, mwaka, ekari, bei.

Mwanzoni, kwenye safu ya bei, niliandika hela yote aliyopokea muuzaji. Mwaka wa pili nikaona usumbufu, maana watu wengi hutaja bei ya ekari moja, na mimi kila mara nalazimika kuzidisha. Nikaanza kuandika bei ya ekari moja, katika safu ileile. Jina la safu sikubadilisha. Sikuandika popote kwamba nimebadilisha utaratibu. Nilijiambia nitakumbuka.

Shangazi aliponipigia nilikuwa nimeshasahau.

"Baba, wenzangu huku wanauza ekari shilingi ngapi? Kuna mtu amekuja."

Nikachukua bei, nikagawa kwa ekari, mistari yote kwa mpigo, nikatafuta wastani. Mashamba ya mwanzo yalitoa jibu sahihi. Ya baadaye, ambayo bei zake tayari zilikuwa za ekari moja, yaligawanywa mara ya pili. Shamba la ekari tano lililouzwa milioni tatu kwa ekari likasomeka laki sita. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Kama milioni moja na laki mbili, shangazi."

Akauza hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye jirani yake, wamepakana kabisa, akauza ekari kwa milioni tatu. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Si ndivyo ulivyosoma kwenye kompyuta?" Bora angenitukana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyoka huyu alishataka kuniuma siku za nyuma. Mwaka 2013, nikiwa ripota mgeni, nilipewa kazi ya kulinganisha sensa. Sensa ya 2002 ilisema Wilaya ya Kibaha ina watu 132,045. Ya 2012 ilisema Wilaya ya Kibaha ina watu 70,209. Nikaona nimepata habari ya ukurasa wa mbele: karibu nusu ya watu wamehama! Nikaandika aya tatu za kuuliza wamekwenda wapi. Mhariri wangu akazisoma, akaniangalia, akauliza: "Na Mji je, umeuhesabu?"

Kati ya sensa hizo mbili Kibaha ilikuwa imegawanywa: Mji upande wake, wilaya upande wake. Mji peke yake ulikuwa na watu 128,488. Ukijumlisha unapata 198,697. Watu walikuwa wameongezeka. Kilichobadilika ni mipaka, jina likabaki lilelile. Kisarawe, ambayo haikuguswa kipindi hicho, ilisomeka bila shida, kutoka 95,614 hadi 101,598. Siku ile nilicheka, nikafuta aya zangu. Somo lenyewe sikulishika.

Mpwa wangu nilipomsimulia habari ya shangazi, hakucheka. Aliuliza, "Anko, ulibadilisha lini?" Sikuwa na jibu. Hapo ndipo akanifundisha kitu ambacho watu wa kazi yake wanakiona cha kawaida.

Kila badiliko la muundo wa kanzidata linaandikwa katika faili lake, lenye namba. La kwanza linaunda jedwali, la pili linaongeza safu, la tatu linabadilisha jina. Yanatekelezwa kwa mpangilio huo, na ndani ya kanzidata kuna jedwali dogo linaloweka kumbukumbu ya faili zipi zimeshapita. Mafaili yenyewe yanatunzwa kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo inaonyesha nani alibadilisha nini, lini, na kama aliandika sababu, kwa nini.

"Faili likishapita haliguswi," alisema. "Ukikosea, unaandika jingine."

Hilo nililielewa haraka, maana ndivyo gazeti linavyofanya. Hatuendi mitaani kukusanya nakala za jana tuzichome. Tunachapa masahihisho leo, na la jana linabaki lilivyo.

Akanionyesha DHIS2, mfumo ambao Wizara yetu ya Afya inautumia kukusanya takwimu za zahanati na hospitali nchini. Umetengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na programu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Humo yamo mafaili ya namna hiyo, kila moja na namba yake. Nilikaa nikiyasoma kama mtu anayesoma shajara ya jirani.

Lakini nilimuuliza swali ambalo lilimnyamazisha kidogo. Je, Git ingeniokoa? Mimi sikubadilisha muundo. Safu ilikuwa ileile, namba zilikuwa namba. Nilibadilisha maana, na maana ilikuwa kichwani mwangu tu.

"Isingekuokoa," alikiri. "Ila ungekuwa na mazoea. Ungejua kwamba maana ikibadilika, safu mpya inazaliwa."

Tulitumia wikiendi mbili kutenganisha mistari. Historia ambayo sikuiandika ilibidi niitafute kwenye madaftari ya mahojiano, moja baada ya jingine. Daftari moja lilinyeshewa, halisomeki. Mistari yake tumeiacha wazi.

Sasa kuna safu mbili, bei_yote na bei_kwa_ekari. Tofauti ya shangazi ni milioni tatu na laki sita, namlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Anasema niache. Siachi. Na faili namba nne, lililozitenganisha safu hizo, mpwa wangu alinitaka niandike mwenyewe sababu ya badiliko. Niliandika: "Safu ya bei ilikuwa na maana mbili kuanzia mwaka wa pili. Kosa ni langu. Kuna mtu aliuza shamba kwa sababu hiyo."