Mto Pangani na Saa ya Mbinguni

Ndugu msomaji, watoto wakisha kufunga shule, na wewe umepata likizo baada ya kazi ya mwaka mzima, hapana shaka nyumbani mtaulizana: safari hii tutembee wapi? Leo nakushauri uipeleke jamaa yako Pangani, kusini ya Tanga, mkapande mtumbwi na kwenda na mto nusu siku. Ni matembezi mepesi, na mto wenyewe ni mpole. Lakini upole wake una masharti, nami niliyajifunza kwa gharama. Heri wewe uyasome tu hapa.

Mto Pangani hutoka mbali. Maji ya Mlima Meru huletwa na Mto Kikuletwa, na ya Kilimanjaro huletwa na Mto Ruvu. Yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo hupita Korogwe, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ile ya Maporomoko ya Pangani. Baada ya maporomoko nchi huinama taratibu kuelekea pwani, na mto hutanuka, ukapinda huku na huku kati ya mikoko na minazi. Sehemu hii ya mwisho, iliyo juu kidogo ya mji, ndiyo ya kutembelea kwa mtumbwi.

KOSA LANGU

Safari yangu ya kwanza tuliondoka nyumbani Jumamosi, mimi, mke wangu na watoto wawili. Nia yetu ilikuwa kupanda mtumbwi Jumapili asubuhi na kurudi mapema, tuwahi basi la mchana la kwenda Tanga. Usiku mwezi ulikuwa mpevu, mji umeng'aa, tukaona ni bahati njema.

Saa 2 asubuhi nilimwendea mzee mmoja mwenye mtumbwi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatazama maji na kusema: "Mwanangu, ngojeni mpaka mchana. Sasa maji yanapwa." Nikamwonyesha saa yangu, nikamweleza habari za basi. Akacheka kidogo. "Saa yako iko mkononi," akasema. "Saa ya mto iko mbinguni."

Sikumsikiliza. Nilimtafuta kijana aliyekubali kutuchukua papo hapo. Kwa saa 3 nzima alipiga kafi kuyapinga maji yaliyokuwa yakikimbilia baharini, nami nikimsaidia mpaka viganja vikachubuka. Tulipochoka tulitia nanga kivulini, tukala. Tulipogeuza kurudi, tukidhani sasa mto utatubeba, bahari ilikwisha kuanza kujaa na kusukuma maji juu. Tukaupinga mto kwa mara ya pili, na upepo wa baharini ukitupiga usoni. Mawimbi madogo yakaanza kuingia mtumbwini. Mke wangu akafua maji kwa sufuria tuliyochukulia wali, na mtoto mdogo analia kwa kiu, kwa maana maji ya kunywa yalikwisha. Hatukuwa na hata jaketi moja la kuokolea maisha.

Tulifika nchi kavu saa 10 alasiri. Basi lilikwisha kwenda, na Jumatatu sikufika kazini. Yule mzee alitupokea gatini, akawapa watoto madafu, asiseme neno. Kimya chake kilinifundisha zaidi ya lawama.

JINSI YA KUPANGA

Sasa, ndugu msomaji, tuipange safari yako inavyostahili.

Kwanza, tazama mwezi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kati ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Katika mwambao wetu siku hizo bahari hujaa alfajiri na tena alasiri, karibu na saa 10. Maana yake asubuhi yote maji yanapwa. Hilo ndilo lililotukuta. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, na mkondo hupungua nguvu. Bahari hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na huko ndani ya mto huchelewa kidogo. Basi anayeondoka saa 2 hupandishwa na maji yanayojaa, akapumzika yanapotulia, kisha akateremshwa na maji yanayopwa. Hata hivyo, hesabu ya mwisho ni ya mwenye mtumbwi. Mwulize, na umtii.

Pili, chagua msimu. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, mto hujaa maji ya mvua na mkondo wake huwa mkali. Miezi ya kusi kuna ubaridi mzuri, lakini upepo huongezeka mchana. Kwa hiyo rudini mapema. Wala msikubali kupelekwa mlangoni pa mto, mahali mkondo unapopambana na mawimbi ya bahari. Mtumbwi wa matembezi mahali pake ni juu ya mji.

Tatu, usiyabane matembezi kati ya basi na basi. Safirini Ijumaa, kutoka Tanga mpaka Pangani ni karibu kilometa 50. Jumamosi iwe ya mto, na Jumapili ya kurudi.

Nne, kila mmoja awe na jaketi la kuokolea maisha, mtoto kwa kipimo chake, na alivae, asilikalie. Chukueni maji ya kunywa kuliko mnavyodhani yatatosha, kofia, khanga ya kujifunika jua, machungwa na mihogo ya kuchemsha, na kata ya kufulia maji. Mto una mamba: mikono ikae ndani ya mtumbwi, na asiwepo wa kuoga.

MTAKAYOYAONA

Mkiondoka gatini, mtauacha nyuma yenu mji ambao zamani misafara ya pembe za ndovu ilikomea. Hapa Pangani ndipo Abushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani tangu 1888, aliponyongwa Desemba 1889. Upande wa kusini wa mto ni Kikogwe, ilikopandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Marekani ilisalimika 62 tu, na kwa hiyo 62 yakaanza mashamba yote ya katani tuyajuayo.

Waambieni watoto wazisome kingo za mto. Mikoko huvumilia chumvi, mgomba hauvumilii. Mkoko unapopungua na migomba na matete kuanza, jueni bahari imefika mwisho wa safari yake. Mpaka huo hautulii mahali pamoja. Maji yakitumiwa mengi huko juu, mashambani na mijini, yanayofika huku hupungua, chumvi ikapanda, na mashamba ya kandokando yakaumia. Mtoto aliyeliona jambo hili kwa macho yake ataelewa kwa nini bomba lisiachwe wazi.

Mwaka uliofuata tulirudi, mwezi ukiwa nusu. Yule mzee alituchukua mwenyewe. Aghalabu kafi lake lililala magotini. Alilitumbukiza tu kuuelekeza mtumbwi. Mdiria aliruka tawi kwa tawi mbele yetu, na mtoto yule aliyelia kwa kiu akasinzia kifuani pa mama yake. Saa 8 mchana tulikuwa gatini, hatujachoka wala kuloa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujakwenda kukata tikiti, toka nje usiku utazame mwezi. Ukiwa mpevu, safari na ingoje wiki moja.