Macho ya Mwendesha Motokaa

Wengi wetu twaenda kwa miguu, na motokaa zatupita njiani kila siku. Twadhani ya kuwa mtu aliyeshika usukani huona yote yaliyo mbele yake, kwa kuwa ana kioo kikubwa na macho mawili mazima. Mimi nami nalidhani hivyo, hata nilipojifunza kuendesha. Leo nataka kuwaeleza niliyojifunza, pamoja na jambo moja lililonipata, ambalo hata sasa nikilikumbuka mikono yanilegea.

Mjomba wangu ni dereva wa miaka mingi. Hupakia kabichi na matunda Lushoto, akavipeleka Mombo kwa njia ile ishukayo milima ya Usambara kupitia Soni. Wanaoijua wanajua kona zake: upande mmoja jabali, upande wa pili bonde. Nalimwomba anifundishe, naye akakubali. Neno moja lilinichekesha tangu mwanzo. Mzee yule akiendesha hunong'ona peke yake: "Mbuzi. Baiskeli. Mama na kuni. Mtoto, mtoto mwingine." Nikadhani ni mazoea ya uzee tu, wala sikumwuliza.

Siku ya kwanza nilipopewa usukani nalikaza macho karibu sana, mita chache mbele ya pua ya gari. Tena kwa hofu ya bonde, kila mara nalilitupia jicho. Na tazama, gari likaanza kuelekea huko huko nilikokuogopa! Mjomba akaushika usukani upesi, akanyosha gari, akaniambia, "Mwalimu, ukitazama bonde utakwenda bondeni. Tazama unakotaka kwenda, na mikono yako itafuata." Nikajaribu. Nikainua macho, nikayapeleka mbele hata mahali kona inapoanza kufunguka, na gari likatulia kana kwamba limebadilishiwa dereva.

Baadaye nalisoma ya kuwa wataalamu wameyapima mambo haya. Mwaka 1972, huko Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell waliwalinganisha wanafunzi wa udereva na madereva wazoefu. Wakaona ya kuwa mwanafunzi hutazama karibu mno na gari lake, wala hatazami vioo vya nyuma mara nyingi kama mzoefu. Mwaka 1994 Michael Land na David Lee wa Uingereza walieleza jinsi walivyofuata macho ya madereva katika njia yenye kona. Wakakuta ya kuwa sekunde moja au mbili kabla ya kupinda usukani, jicho hukimbilia ukingo wa ndani wa kona, pale unapoonekana kugeuka. Wengine waliokuja nyuma yao wamesema kwamba jicho hutafuta hasa sehemu ya barabara ambayo gari litapita. Lakini katika neno moja wapatana na mjomba wangu: jicho hutangulia, na mkono hufuata.

Huenda mtu akauliza, mbona dereva achague pa kutazama? Si aone vyote pamoja? Sivyo. Nyosha mkono wako mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba. Sehemu ya jicho ionayo kwa ukali kabisa haienei zaidi ya upana wa kidole hicho, au zaidi kidogo. Yote yaliyo kando twayaona kwa ukungu, ingawa hatutambui. Ndiyo sababu macho hurukaruka, kama mara tatu kwa sekunde, na wakati yanaporuka hatuoni kitu sawasawa. Basi dereva hukusanya habari za njia kipande kwa kipande, kama kuku anayedonoa punje, na asipodonoa mahali fulani, hapo kwake ni kama hapana kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nalikuwa nimekwisha kupata leseni, nami najiona dereva kamili. Asubuhi moja nalikuwa natoka katika njia ndogo ya kijiji chetu niingie barabara kuu. Mahali hapo malori na mabasi hushuka kwa kasi, na tangu nijifunze nalikuwa nikiyaogopa. Nikasimama. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama kulia tena. Hapakuwa na lori wala basi. Nikaondoa gari.

Mara nikasikia kishindo cha ndoo ya bati, na maji yakarukia kioo cha mbele. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mbele ya gari, kwa nafasi ya shubiri moja, alikuwa amesimama binti mmoja wa Darasa la Tano, mwanafunzi wangu mwenyewe. Nalishuka magoti yakinitetemeka. Hakuumia, ila maji yake yalikuwa yamemwagika yote. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Mwalimu. Nilidhani umeniona, maana ulinitazama."

Neno hilo lilinichoma kuliko kama angalinilaumu. Alisema kweli. Nalikuwa nimegeuza uso wangu kwake mara mbili, na macho yangu yalimpita. Tena ni mtoto ambaye kila asubuhi namwita jina lake darasani. Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini siku ile nalijua ya kuwa pazia lipo, nalo limetundikwa moyoni. Moyo wangu ulikuwa umeyatuma macho kutafuta lori na basi tu. Yalipokosa lori na basi, yakarudi na habari ya kuwa njia ni nyeupe.

Wataalamu walijua udhaifu huu. Mwaka 1999, huko Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris walitoa habari za jaribio walilofanya. Waliwaonyesha watu picha za sinema za wachezaji wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu ni mara ngapi mpira unapita. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa mavazi ya gorila akapita mbele yao. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa, kwa kuwa walikuwa wakihesabu. Ikiwa gorila hupita hivyo asionekane, je, mtoto mwenye ndoo?

Jioni nalikwenda kwa mjomba, nikamwambia yote bila kuficha. Hakunigombeza. Akasema, "Ndiyo maana mimi hutaja. Kitu nisichokitaja sijakiona." Ndipo nikafahamu maana ya kunong'ona kwake. Alikuwa akifanya kazi ile ile niifanyayo mimi nikifungua daftari la mahudhurio. Mwalimu hatazami darasa kwa jumla akasema wote wapo. Huita jina moja moja, na yule aliye kimya kwenye dawati la nyuma huitwa sawa na aliye mbele. Nami njiani nalikuwa nimeita majina ya wakubwa tu.

Tangu siku ile nataja. Nikifika njia panda huuliza moyoni: yuko wapi mtoto? iko wapi baiskeli? yuko wapi mzee na fimbo yake? Ndipo namtafuta dereva mwenzangu. Na simu huizima kabla ya kuondoka. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 28 katika sekunde mbili, na sekunde mbili ni kitambo kidogo tu cha kuangalia ni nani anayepiga.

Nanyi ndugu zangu mwendao kwa miguu, pamoja na watoto wenu, nawasihi msitosheke na kuona uso wa dereva umewaelekea. Kuelekewa si kuonwa. Ngojeni hata gari lipunguze mwendo au lisimame, ndipo mvuke. Huku kwetu magari hupita kushoto. Basi mahali pasipo njia ya miguu tembeeni upande wa kulia, ili myaone magari yanayowajia. Usiku vaeni nguo nyeupe, au mchukue taa.

Yule binti nalimchotea maji mwenyewe siku ile, nikampelekea mama yake, nikamweleza kosa ni la nani. Siku hizi nikipita na gari hunipungia mkono. Nami sipungi tu. Hupunguza mwendo kwanza, nikataja jina lake.