Boma la Mawe la Thimlich Ohinga

Msafiri atokaye mji wa Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, akaelekea kaskazini-magharibi mwendo wa kilomita 46 hivi, huingia katika nchi ya vilima vya wastani, mashamba ya mahindi na mtama, na vichaka vya miiba. Wakati wa kiangazi barabara ni vumbi, na wakati wa masika ni tope. Mwisho wa safari hiyo hapana mji wala soko. Kuna kilima chenye mteremko wa polepole, kimeota miti mirefu ya jamii ya minyaa, ile itoayo utomvu mweupe. Na chini ya miti hiyo, kama joka kubwa lililojikunja kulala, kuna ukuta wa mawe.

Hapo ndipo Thimlich Ohinga. Katika lugha ya Kijaluo neno la kwanza lina maana ya msitu mnene wa kutisha, na la pili ni boma la mawe. Maboma makubwa yapo manne, nayo yana majina yake: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Wataalamu wanakadiria kwamba yalijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita 1 hata 3. Wala katika kuta hizo zote hamna chokaa, hamna saruji, hamna hata udongo wa kushikamanisha jiwe na jiwe.

Jambo hilo ndilo limstaajabishalo mgeni, hasa yule aliyezoea kuona magofu ya pwani kama Gede na Kilwa, ambako mwashi alikuwa na matumbawe mepesi na chokaa ya kuchoma. Hata wajenzi wa Zimbabwe Kuu walikuwa na bahati ya namna yake, maana mawe ya kwao hupasuka yakawa vipande vyenye nyuso bapa, karibu sawa na matofali. Mjenzi wa Thimlich hakupewa msaada huo. Aliokota mawe kama yalivyo, makubwa kwa madogo, ya pembe na ya mviringo, akayapanga bila ya kuyachonga.

Siri yake imo katika mpango. Ukuta mmoja, ukiutazama vema, ni tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na kiini cha katikati kilichoshindiliwa mawe madogo. Nyuso hizo mbili hujengwa kwa pamoja, zikipanda sawasawa, na kila jiwe hulaliwa na lile la juu yake hata likashikwa lisicheze. Jiwe lisilokaa vizuri haligongwi kwa nyundo. Hugeuzwa, na likikataa huwekwa kando lingoje nafasi yake. Kwa hiyo kazi hii yataka jicho kuliko nguvu, na subira kuliko jicho. Hapana timazi, hapana pimamaji. Uzito wa ukuta wenyewe ndio kamba yake, na mvua ikinyesha maji hupita katika nyufa yakaenda zake, badala ya kujikusanya nyuma na kuusukuma uanguke.

Askari akifika hapo hataanza kwa kutazama uzuri, atatazama lango. Nalo limefikiriwa kweli kweli. Ni jembamba tena fupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu mazito yanayobeba ukuta wa juu. Mtu mzima hawezi kupita wima. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kuinama, mmoja baada ya mwingine, kichwa kikitangulia, mkuki na ngao vikimzuia badala ya kumfaa. Na mlinzi aliyekuwa ndani, amesimama wima gizani, hakuhitaji wenzi wengi. Katika boma la Kochieng, lililo kubwa kupita yote, kuna mahali palipoinuliwa pa kutazamia, na aliyesimama hapo aliona mbonde wote unaozunguka kilima. Wala usidhani waliokuwa ndani ni wapiganaji tu. Humo waliishi wanawake, watoto na wazee, na ng'ombe ambao ndio waliokuwa mali, mahari na chakula cha jamii nzima. Mpaka leo huonekana mazizi, misingi ya nyumba na mawe ya kusagia nafaka. Ni nyumba za watu, zilizovikwa ngao.

Ni nani basi aliyeyajenga? Si kabila moja linaloweza kusimama likadai peke yake. Watu wa asili na lugha mbalimbali walikaa hapo kwa zamu, wengine wakihama na wengine wakiingia, na kila aliyeingia alizikarabati kuta alizozikuta badala ya kuzibomoa. Katika nchi zilizo mashariki ya Ziwa Viktoria yamehesabiwa majengo ya namna hiyo zaidi ya 500. Thimlich ndilo kubwa zaidi na lililosalimika vizuri kuliko mengine.

Amani ndiyo iliyoyamaliza. Hofu ya kuvamiwa ilipopungua katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, watu walitoka ndani ya kuta, wakatawanyika mashambani, wakazungushia miji yao ua wa minyaa, ambao hupandwa kwa siku chache na kumea wenyewe. Hapana wa kuwalaumu. Lakini ukuta usio na mwenyewe hufa taratibu: mzizi hupenya, ng'ombe na nyani hukanyaga juu, jiwe moja huchomoka, na baada ya masika mawili matatu tumbo la ukuta limevimba na kuporomoka. Tena mtu ajengaye nyumba jirani huona mawe mazuri yamelala bure.

Serikali ya Kenya ilitangaza mahali hapo kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 pakatiwa katika orodha ya dunia ya majengo yaliyo hatarini, na kazi ya kuinua sehemu zilizoanguka ikafanywa. Mwaka 2018 UNESCO ikapaandika kuwa Urithi wa Dunia. Na mwaka huo huo ikauandika pia ufundi wa kupanga mawe makavu wa nchi nane za Ulaya, zikiwemo Ugiriki, Italia na Hispania. Tofauti ni kwamba huko ulioandikwa ni ufundi ulio mikononi mwa watu, na hapa zimeandikwa kuta. Mpanga mawe haji kwa kuandikwa. Kuziba tundu kwa saruji ni rahisi kwa mwashi yeyote wa mjini, ila saruji huufunga ukuta usipumue wala kujinyosha, nao hupasuka. Kinachotakiwa ni kijana wa kijiji cha karibu aliyekaa chini ya mzee akafundishwa kuligeuza jiwe mara kumi.

Ndani ya boma, juu ya mwamba, kuna vishimo vilivyopangwa kwa safu, mfano wa bao. Wajaluo huuita mchezo huo ajua. Vishimo hivyo vimelainika kwa vidole vya wachezaji, na watoto wafikao hapo huokota vijiwe wakaanza kucheza bila kuambiwa.