Kazi Ninayoitamani: Kuzipima Injini za Dizeli

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami, mpendwa msomaji, nimeinama chini ya lori la baba mara nyingi hata sketi zangu mbili hazifai tena kuvaliwa kanisani. Kila mwaka katika jarida letu hili la Chama cha Kiswahili tunasoma habari za wenzetu wanaotaka kuwa madaktari, mawakili na marubani. Hilo si baya. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi niitetee kazi ambayo sijasikia ikitajwa hata siku moja tunapoelekezwa kuhusu kazi za usoni. Ni kazi ya kuipimia injini ya dizeli mafuta yake. Wenyewe huiita kalibresheni.

Kwanza tuelewane. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ile ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha pampu ikasukuma dizeli kupitia nozeli, nayo dizeli ikawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha injini yake ya namna hiyo mwaka 1897. Tangu siku hizo maswali makubwa ni mawili: mafuta yaingie kiasi gani, na yaingie wakati gani? Yakizidi, moshi mweusi. Yakipungua, gari halipandi. Yakiingia mapema mno, injini inagonga. Yakichelewa, nguvu zinapotelea kwenye bomba la moshi. Kuyajibu maswali hayo kwa kila mwendo na kila mzigo, basi hiyo ndiyo kalibresheni.

Sisi watu wa Embu na Meru tunapaswa kuyaelewa mambo haya kuliko wengi. Itazame barabara yetu. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Gari linapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, linafika Meru, kisha linaanza kuupanda mlima hadi Timau, juu ya mita 2,000. Huko hewa ni nyembamba. Msukumo wake umepungua kwa zaidi ya sehemu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Nayo kilo moja ya dizeli huhitaji kama kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Pampu nyingi za zamani hazijui kwamba zimefika Timau. Zinamwaga kiasi kile kile, na mafuta yasiyopata hewa yanageuka masizi.

Haya sikuyasoma darasani. Mwaka juzi Canter yetu, ambayo hupandisha mchele wa Mwea hadi Timau na kurudi Embu na viazi, ilianza kukosa nguvu. Fundi mmoja wa kando ya barabara akavunja lakiri ya pampu, akazungusha skrubu na kusema, "Mzee, nimekuongezea mafuta, sasa itapanda kama swara." Lo! Ilipanda kama kobe, na moshi wake ukawafanya akina mama wauza ndizi wajifunike kwa leso. Safari iliyokuwa ikila dizeli ya shilingi elfu kumi na moja ikala ya elfu kumi na tano. Karo yangu ya muhula wa pili ilikuwa ndani ya tangi lile, ikitokea kwenye bomba la moshi kidogo kidogo. Nilikaa nyumbani wiki mbili.

Hatimaye baba aliipeleka pampu kwa fundi wa pampu mjini Meru, nami nikafuatana naye. Chumba cha pampu hakifanani na gereji. Ni kisafi kama zahanati, maana pistoni ndogo za pampu hukaa ndani ya nafasi nyembamba kuliko unywele, na vumbi kidogo tu huzikwaruza. Mzee yule aliifunga pampu kwenye mashine ya stima yenye mirija minne ya kioo, mmoja kwa kila silinda. Mashine ikaizungusha pampu, dizeli ikaingia. Mrija mmoja ulijaa pomoni, mwingine haukufika hata nusu.

"Unaona, mwanangu? Silinda hii inashiba, na ile inalala njaa."

Aliifungua, akatuonyesha pistoni iliyolika. Akasema mara nyingi hayo hutokana na dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, ambayo hayalainishi vyuma kama dizeli halisi. (Ni kwa sababu ya uchanganyaji huo serikali ilipandisha ushuru wa mafuta taa mwaka 2018.) Akabadilisha vilivyolika, akarekebisha gavana. Simaanishi gavana wa kaunti. Huyu wa pampu hufanya kazi saa zote, akipunguza mafuta mwendo unapozidi. Akapima na nozeli, akitaka itoe ukungu, isidondoke matone. Akarudia kupima mpaka mirija yote minne ikalingana. Mwisho akapunguza kidogo kiasi cha juu kabisa cha mafuta, kwani lori hili kazi yake ni mlimani. "Mzee, nguvu ulizokuwa ukizitafuta haziko kwenye dizeli," alimwambia baba. "Ziko kwenye hewa, na hewa ya Timau ndiyo hiyo."

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini siku hiyo nilijifunza kwamba kibaba kikifurika ni hasara pia. Canter sasa inapanda polepole bila kufuka, na karo inafika.

Siku hizi injini nyingi mpya huongozwa na kompyuta, na mafuta hubanwa kwa msukumo wa baa 2,000 au zaidi. Skrubu imegeuka tarakimu. Mhandisi wa kalibresheni huketi na kompyuta yake garini akirekebisha maelfu ya vipimo. Wenzetu wa Ulaya hupeleka magari Arjeplog, Uswidi, kuyajaribu kwenye baridi kali, na milimani kuyajaribu kwenye hewa nyembamba. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Wao wanasafiri kuutafuta mlima, sisi tumezaliwa juu yake!

Kazi hii inadai uaminifu pia. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu ya kudanganya wakati wa kupimwa moshi. Na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wametangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani. Kipimo cha uongo si mchezo.

Njia zipo. Anayependa kuanza kwa mikono anaweza kujifunza gerejini na kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, daraja baada ya daraja. Ipo Politekniki ya Kitaifa ya Meru. Anayetaka uhandisi wa mitambo ana Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri au JKUAT kule Juja, mradi asiikimbie Fizikia wala Hisabati. Sitakuficha: Kenya huunganisha magari lakini injini zake hubuniwa Japani, Ujerumani, India na kwingineko, kwa hiyo kiti cha mhandisi huenda kikawa mbali. Isitoshe, mabasi ya umeme yalianza kuonekana Nairobi mwaka 2022. Hata hivyo malori, matrekta, jenereta na vinu vya posho havitatoweka kesho.

Mama angali anataka niwe muuguzi. "Kwani utaolewa na injini?" huniuliza. Nami humjibu kwa heshima: muuguzi hutibu kifua, mimi nataka kuuzuia moshi kabla haujakifikia. Baba hasemi kitu, ila likizo iliyopita alininunulia ovaroli.

Wenzangu, hasa wasichana, kuuliza si ujinga. Likizo ikifika, ingia chumba cha pampu kilicho karibu nawe, uombe kuonyeshwa ile mirija ya kioo. Kisha uamue mwenyewe.