Mpira wa radiatere kwenye barabara ya Sake

Leo sileti habari ya vita wala ya mkutano. Naleta habari ya mpira mmoja mweusi, mfupi kuliko mkono wangu, ulioniaibisha mbele ya umati.

Mnaikumbuka Alhamisi ile, tarehe 27 Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi jioni, tarehe 22, na uji wa moto ukafika Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi haikuacha kutetemeka. Alhamisi kabla ya kukucha, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame mara moja. Mji ukamiminika kuelekea Sake.

Mimi nilikuwa na Corolla ya zamani ya baba mdogo, usukani upande wa kuume kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani. Ndani tulikuwa watu wanane, pamoja na mama mkubwa ambaye miguu yake haimruhusu kutembea mbali. Kufika Sake ni kama kilomita 25, lakini siku ile chukudu zilitupita. Injini inazunguka, gari limesimama, upepo hakuna wa kupoza radiatere. Nikaona mshale wa joto unapanda. Nikajiambia, bado kidogo tu.

Tulipopita Mugunga nikasikia pwaa! Wingu jeupe likatoka chini ya boneti. Mwanamke mmoja akapiga kelele: «Mazuku!» Watu wakaanza kukimbia huku na huku, mtoto mmoja akaangushwa, mikeka ikakanyagwa. Mazuku haionekani kwa macho, sisi watu wa huku tunalijua, lakini nani angekumbuka somo hilo saa ile? Ilikuwa mvuke wa gari langu tu. Mtoto aliinuliwa, alikuwa amechunika goti. Ningeweza kusimulia kisa kibaya zaidi leo.

Na kosa lilikuwa langu. Wiki mbili kabla, fundi alikuwa ameubinya mpira ule wa juu akaniambia: «Kijana, huu umechoka, umevimba karibu na kolie.» Kolie ni ile pete ya chuma inayokaza mpira. Nilimjibu: mwisho wa mwezi, papa.

Aliyetuokoa barabarani ni mzee mmoja wa chukudu. Alitaka nifungue kifuniko cha radiatere pale pale, kisha akanizuia mwenyewe: «Ngoja, yatakuunguza uso.» Tulingoja karibu saa nzima. Akafungua utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu aliofungia mizigo yake, akaukausha mpira wetu, akauzungusha huo utepe mara nyingi akiuvuta kwa nguvu. Tukajaza maji kutoka bidoni ya kunywa. Kifuniko akakiacha hakijakazwa, ili mgandamizo usipasue tena. Tukaenda hivyo, tukisimama kila mara, mpaka Sake. Pesa alikataa. Alitaka utepe mwingine tu, na sikuwa nao.

Tuliporudi Goma nilimwomba fundi wangu anifundishe, na nawapa mlivyo.

Mpira wa juu unapeleka maji ya moto kutoka injini hadi radiatere, wa chini unayarudisha yakiwa yamepoa. Vyote viwili vibinywe injini ikiwa baridi. Mpira mzuri unabonyea na kurudi. Ukiwa laini kama ndizi iliyoiva sana, au mgumu na wenye kulia mkononi, au umevimba mwishoni, huo hauna siku nyingi. Mara nyingi unaoza kutoka ndani, nje ungali unang'aa, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Oili ikiudondokea inauharibu pia.

Kuubadilisha si kazi ya siri. Mwaga maji injini ikiwa imepoa, legeza kolie, na mpira ukigoma usiung'oe kwa bisibisi: mdomo wa radiatere utavunjika, nao ni ghali. Upasue kwa kisu kwa urefu wake. Safisha mdomo, lowesha mpira mpya kwa maji, si kwa grisi, uusukume mpaka upite ule ukingo, ndipo kolie ikae nyuma ya ukingo. Kaza, lakini usikate mpira. Kisha jaza polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Kesho yake kagua tena.

Maji yenyewe, ndipo wengi wetu tunakosea. Tunachota ziwani. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, yakichemka yanaacha magamba meupe yanayoziba radiatere. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali, na ile dawa ya radiatere ni bora zaidi. Halafu mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huku maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kifuniko kizuri ndicho kinayazuia yasichemke mapema, na kifuniko kibovu kinachosha mipira.

Mwezi wa pili 2024 barabara ile ile ilijaa tena, safari hii watu wakitoka Sake kuja Goma kwa sababu ya vita. Nilikwenda kurekodi sauti zao. Kandokando ya njia niliona minibasi imefungua boneti, mvuke unatoka, akina mama wanashusha watoto kupitia dirishani. Nikaweka maikrofoni chini, nikatoa kwenye buti utepe ninaobeba tangu 2021.

Mama mkubwa sasa haingii garini kabla ya kuuliza: «Umeubinya?»