Kinyonga na Ngeli Zake Mbili

Neno ngeli lina makao mawili katika Kiswahili. Mwalimu wa lugha hulitumia kupanga nomino. Mwalimu wa biolojia hulitumia kupanga viumbe: ngeli ya mamalia, ngeli ya ndege, ngeli ya reptilia. Huwaza juu ya makao hayo kila nipitapo njia ya kutoka Lushoto kwenda msitu wa Magamba, kwani huko yupo mnyama aliyewasumbua walimu wote wawili: kinyonga.

Tuanze na sarufi. Kwa umbo, kinyonga ni ndugu wa kiti na kikombe, na wingi wake ni vinyonga. Lakini hatusemi kinyonga kimepanda mti, twasema amepanda. Uhai wake umekishinda kiambishi chake, kama ulivyofanya kwa kiboko na kifaru. Lugha yetu iling'amua zamani kwamba sura ya neno si ushahidi wa kutosha.

Sayansi nayo inaijua kanuni hiyo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwaweka nyangumi na pomboo pamoja na mamalia, ingawa umbo lao ni la samaki. Hata hivyo, vinyonga wa milima yetu walikaa miaka mingi katika jenasi ya Bradypodion, pamoja na vinyonga wadogo wa Afrika Kusini. Mwaka 2006 Colin Tilbury, Krystal Tolley na William Branch walilinganisha vinasaba na maumbile, wakaonyesha kuwa undugu huo haupo. Wakaunda jenasi mpya na kuiita Kinyongia. Jenasi nyingine waliyoiunda pamoja nayo, Nadzikambia, ilipata jina lake kutoka Kinyanja.

Kama mpenzi wa lugha, nilifurahi. Majina ya kisayansi ya milima hii yamejaa wageni. Ua maarufu la Usambara lilipewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani. Bundi mkubwa wa misitu hii, Bubo vosseleri, amebeba jina la Julius Vosseler. Katikati ya majina hayo limeketi neno letu, limebadilishwa mwisho wake tu, nalo linaandikwa kwa herufi kubwa.

Lakini kuna jambo zito kuliko furaha hiyo. Kwa muda mrefu vinyonga wenye pembe mbili puani, kuanzia Taita hadi Nguru, walihesabiwa kuwa spishi moja iliyoitwa fischeri. Mwaka 2008 Jean Mariaux na wenzake waliwatenganisha. Jina fischeri likabaki kwa wale wa milima ya Nguru na Nguu. Wa Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, akawa matschiei. Huyu wetu wa Usambara Magharibi akarudishiwa jina alilopewa na Fritz Nieden mwaka 1913: multituberculata, yaani mwenye vinundu vingi.

Tazama, msomaji, uzito wa mgawanyo huo. Alipokuwa spishi moja na wenzake, mtu aliyeona msitu ukifyekwa karibu na Lushoto angeweza kujifariji kwamba wamebaki wengine Nguru. Sasa faraja hiyo haipo. Wa Nguru ni kiumbe mwingine, na hawezi kushika nafasi ya huyu.

Hapo ndipo naona kazi yetu sisi watu wa maneno. Kiswahili kimeipa sayansi jina la jenasi, lakini sisi wenyewe bado twawaita wote kinyonga, na wengi wetu twawakimbia. Tuanze basi kwa kusema kinyonga pembe-mbili wa Usambara Magharibi, mpaka malenga apatikane wa kutupatia jina fupi zaidi. Mkutano wa kijiji unapojadili mpaka wa msitu, multituberculata halitamkiki kwa urahisi, na ni vigumu kumtetea kiumbe ambaye hatuwezi hata kumtaja.